Keria Niliyoichagua Mwenyewe

Arusha,
Jumapili.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mayu. Najua utaniitikia shingo upande, lakini niitikie tu. Jicho linaendeleaje? Na mguu, unakuruhusu kufika kanisani? Mimi mwili ni mzima, kazi ya udereva ipo, roho ndiyo haijatulia. Nimeandika kwa sababu simu zangu hupokei, na dada Koleta akikupa simu yake unamrudishia. Basi yeye atakusomea. Koleta, soma yote, usiruke mahali.

Mayu, mambo yote yalianzia kwenye keria. Bosi wangu, mkewe na watoto wao wawili wana baiskeli nne za milimani, zile za matairi mapana, ambazo hazijawahi kubeba hata debe la maji. Walitaka kwenda Tabora kuziendesha kwenye njia ya zamani ya misafara. Babu zetu waliipita njia ile na pembe za ndovu begani wakiomba tu ifike mwisho, hawa wanaifuata kutoka Arusha kwa raha zao. Niliona uchungu, lakini nilifurahi pia, maana gari lingepita Puge, mbele ya mlango wetu. Na wewe ulishaniambia unataka kuuona uso wangu kabla mtoto wa jicho hajafunga na jicho la pili. Miaka mitatu, mayu. Nikamwomba bosi tusimame kwako, akakubali, nikampigia Koleta akwambie nakuja.

Bosi akanituma dukani. "Josefu, kachague keria ya kufunga nyuma ya gari, kwenye ndoano ya tela. Wewe ndiye mtu wa baiskeli." Nikavimba kichwa. Nani angenizidi? Nimebeba tumbaku kwa baiskeli tangu sauti haijakomaa.

Dukani zilikuwepo mbili. Moja ina kiungo chini, ukivuta komeo inalala na baiskeli zake zote, na mlango wa nyuma wa gari unafunguka. Ya pili imechomelewa ikawa chuma kimoja, hailali wala hainyanyuki. Nikazitikisa vile tunavyotikisa keria kwa fundi pale Puge. Ile ya kiungo ikacheza kidogo. Kwetu keria inayocheza ni mbovu, itakumwagia mzigo njiani. Nikachukua ya chuma kimoja. Muuzaji akanionya, "Kaka, hii ukishapakia, mlango wa nyuma ndiyo basi tena." Nikamjibu kwa jeuri, "Safarini nani anafungua mlango wa nyuma?"

Siku ya safari mzigo wako niliuweka mwenyewe, chini kabisa, nyuma ya gari: blanketi, vitenge viwili, sukari, dawa ya kuchua mguu. Nikafunga mlango, nikazipanga baiskeli nne nje yake, nikakaza nati na mikanda mpaka mikono ikauma.

Tulipovuka Nzega nikamkumbusha bosi kuhusu kusimama kwako. Akatazama saa. Tulikuwa tumechelewa, mtoto wao mdogo alitapika njia nzima.

"Mzigo wa mama uko wapi?"

"Nyuma, bosi."

Mkewe akacheka. "Mpaka ushushe baiskeli zote nne! Na keria yako hiyo, Josefu!"

Koleta alikwambia bosi alinikatalia kusimama. Ndivyo nilivyomwambia mimi, na nilimdanganya. Bosi alisema, "Mzigo tutaushusha tukirudi. Wewe shuka umsalimie mama, dakika tano zinatosha." Breki nilishaikanyaga. Nikakuona, mayu, umekaa nje na kitenge chako cha Pasaka, majirani wamejaa uani, sufuria zimefunikwa. Nikaona aibu. Miaka mitatu mjini, halafu nishuke kwenye gari kubwa namna ile mikono mitupu, mbele ya watu wote? Nikamwambia bosi, "Haina shida, tutasimama tukirudi." Nikaondoa mguu kwenye breki.

Wakati wa kurudi wakataka kuona barabara nyingine. Tukapitia Itigi, Puge hatukuigusa tena.

Kwa hiyo usimlaani mtu wa watu. Mzigo nimeutuma kwa basi, Koleta ataupokea Nzega. Blanketi ni zito, litakufaa, ila najua hukuwa unangoja blanketi. Nimeomba likizo, nimeambiwa nisubiri, na safari hii hata nikija na kandambili tu nitashuka.

Nisalimie mama mdogo aliyepika siku ile, na mjomba anayelima Ulyankulu, na mwenyekiti wa jumuiya aliyekuazima viti. Waombe radhi kwa niaba yangu, mimi nitaomba zangu nikifika.

Koleta ameniambia jambo moja ambalo halinitoki. Kwamba gari lilipopunguza mwendo ulisimama, ukashika ukuta, ukauliza, "Ndiye?" Na majirani wakakujibu siye, ni watu wa baiskeli wanapita.

Nilikuwa ni mimi, mayu.

Mwanao,
Josefu