Siku Mbili za Kipili

Ikolo,
21 Julai 2024

Mpendwa dada Keziya,

Ugonile, dada? Mama anaendeleaje, na wadogo zako je? Sisi huku wazima, ila mimi usingizi sina. Umenifungia simu, ndiyo maana nimempa Felista, msafiri mwenzetu, akuletee karatasi hii hapo Ngana.

Pole tena kwa kuondokewa na baba yako. Najua umekasirika kwamba nilijua tangu tuko safarini kule Kalambo nikanyamaza. Lakini dada, si wewe ndiye uliyekuwa unaendesha gari! Baba yako mdogo Andongwisye alinipigia mimi, akasema usiambiwe ukiwa barabarani. Si ndivyo tunavyofanya siku zote? Mfiwa haambiwi safarini. Nilikuwa nakulinda.

Nijibu hata mstari mmoja.

Mdogo wako,
Jubilate

Ngana,
28 Julai 2024

Jubilate,

Salamu zimefika. Mama anakula kidogo kidogo. Mimi mzima, kama kweli unataka kujua.

Barua yako nilikaribia kuiamini. Nikamwendea baba mdogo, nikamuuliza alikuagiza nini. Akasema: "Nilimwambia, mwambie Keziya baba yake anaumwa, mgeuze gari leo leo." Wewe ukachukua ile ya kunificha kifo, ya kugeuza gari ukaiacha hukohuko Kalambo.

Ilikuwa Jumatano jioni. Tungeondoka alfajiri, Alhamisi ningelala nyumbani. Badala yake ulikunja mahema huku unaimba, ukasema twende mpaka Kipili tukaogelee Ziwa Tanganyika, na mimi mjinga nikaendesha.

Na baba mdogo alipokupigia ulimjibu nini? "Tumevuka Tunduma." "Tuko Mbeya, tairi imepasuka." Mwongo mkubwa wewe! Ijumaa wakakaa toka saa sita mpaka karibu saa tisa wakinisubiri, jeneza wazi, mchungaji amesimama juani. Mimi ndiye mzaliwa wa kwanza. Watu wakasema Keziya ameshindwa kuja kumzika aliyemzaa. Mpaka leo wanasema.

Ulinilinda na nini, Jubi?

Keziya

Ikolo,
4 Agosti 2024

Dada yangu,

Natumaini mama ameanza kupata nguvu. Huku mvulana wangu ana mafua tu.

Sina cha kujitetea. Yote uliyoandika ni kweli. Miaka sita tuliipanga safari ile, na kila mwaka inaahirishwa: mara kakao, mara mpunga, mara mimba yangu. Tangu nizaliwe sijawahi kupita Mbeya. Simu ilipokuja nikasema moyoni, mzee ameshakwenda, hata tukikimbia hataamka. Siku moja tu. Halafu siku moja ikazaa ya pili, na nikawa naogopa hata kukutazama.

Nimesikia mnamaliza matanga tarehe kumi. Naomba nije nichote maji, nioshe vyombo. Usiponisemesha ni sawa. Nisamehe, nkamu wangu, ndugu yangu.

Mdogo wako mkosaji,
Jubilate

Ngana,
7 Agosti 2024

Jubilate,

Mama hajambo, anakuulizia. Yeye sijamwambia kitu, kwa hiyo atakupokea vizuri.

Jana Felista amenitumia picha za safari. Iko moja nimesimama majini Kipili, kitenge kimelowa, mdomo wazi kwa kicheko. Simu imeandika saa: Ijumaa, saa tisa na dakika kumi. Felista alikuwa anapika. Simu yake uliishika wewe. Nakumbuka ulivyoniambia: "Cheka tena, dada, hiyo ya kwanza umefumba macho." Nikacheka tena.

Saa hiyo walikuwa wanamfukia baba. Na pale ufukweni ni wewe peke yako uliyejua.

Uongo uliomwambia baba mdogo, pengine mbele ya safari ningeumeza. Kile kicheko siwezi. Ulinitaka nicheke, Jubilate, huku unajua, ukanitaka nicheke mara ya pili.

Msiba haumfukuzi mtu. Njoo tarehe kumi, maji ya kuchota yapo, vyombo vipo. Ukimaliza, muage mama, urudi kwenu. Mimi usiniage.

Binti wa marehemu,
Keziya