Mahali Kidole Kinaposimama

Anderlecht, Brussels
Jumapili, baada ya misa

Yaya Béatrice, dada yangu mkubwa,

Inatangazwa rasmi kwa nyumba nzima ya Katuba, Lubumbashi, kwa majirani wa kulia na wa kushoto, na kwa kuku wote watakaokuwa wanapita uani wakati barua hii inasomwa: simu ya mdogo wako Faustin imemteua kuwa mnunuzi wa nywele za bandia. Uteuzi ulianza Jumapili iliyopita. Tangu siku hiyo, kila nikifungua simu naletewa wigi: ndefu, fupi, nyekundu, zilizojipinda, zilizonyooka. Mimi, Yaya, ambaye unywele wa mwisho wa utosini uliniaga kabla sijafika miaka arobaini!

Baada ya tangazo hilo zito, nikusalimu sasa kama mtu mwenye adabu. Hamjambo hapo nyumbani? Mgongo wako umepoa? Mvua zimeanza? Na Papa, anameza bila kukohoa? Siulizi ili kujaza karatasi. Huku tuko wazima. Odile, mke wangu, bado ananicheka kila siku, kwa hiyo ndoa iko salama. Nami bado nalisha wazee wa watu katika nyumba ya wazee, na magoti yangu yananiambia kwamba karibu nitalishwa mimi.

Usishangae kuona karatasi. Maman Clarisse, msusi wa pale Galerie d'Ixelles, anashuka Lubumbashi kumwona mama yake, na amekubali kuibeba ndani ya mkoba wake. Naandika Kiswahili bora kadiri ninavyoweza, maana unamjua Papa: akisikia barua imejaa "bon" na "donc" za Kifaransa, ataomba kalamu nyekundu.

Bon, tuendelee.

Mwezi uliopita ulinitumia ujumbe wa sauti, na haukuwa wa kunibembeleza. Ulisema: "Faustin, kila siku ya yenga, kisha misa, naweka video ya Papa ku page yangu, juu yako weye, umuone. Hauangaliake hata moja! Lakini bale bazee ba batu, njo unabawekeaka moyo mwekundu. Minaona, Faustin. Papa anaulizaka. Nimujibu nini?"

Nikakujibu mbio, kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni: si mimi, Yaya, ni mashine. Simu za huku zinaficha video za nyumbani.

Barua hii ni juu ya jibu lile.

Kwanza nikueleze habari za hao wazee wa watu. Siku moja nilikuwa ndani ya metro, natoka kazini. Ikapita video ya mama mmoja wa Lubumbashi anakoroga munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, katika sufuria kubwa uani. Sikubonyeza kitu. Kidole kilisimama tu, nikatazama mwiko unavyozunguka. Kesho yake yakaja masufuria matatu. Kesho kutwa ikaja ile chimney yetu ya kiwanda cha shaba na mlima wake mweusi wa mabaki, na maua ya jakaranda yamelala barabarani kama mwezi wa kumi, wakati ule wewe ulipokuwa unaniambia nivue viatu nisiyachafue. Halafu wakaja wazee: wanacheza bao la kisolo, wanagombeza wajukuu, wanacheka na meno matatu. Nilipitiliza kituo changu mara mbili. Nililia juu ya munkoyo wa mtu nisiyemjua, na mwanamke mmoja wa Kizungu akanipa karatasi ya kupenga kamasi.

Katika kila mzee nilimtafuta Papa. Yule Papa wa wakati wa kazi, kapita, msimamizi mwenye daftari kwapani. Unakumbuka? Asubuhi aliwaita wafanyakazi wake majina mmoja mmoja, na jioni akatuita sisi vilevile, bukari, ugali wetu, ikitoa moshi mezani. "Béatrice!" Nawe: "Présent!" "Gaston!" "Présent!" Halafu mimi, wa mwisho, nikiwa nimeshamkodolea macho samaki. Hilo la kusema "nipo" lilikuwa neno pekee la Kifaransa aliloliruhusu mezani, na asiyeitikia hakupewa samaki. Siku ile niliyojificha chini ya meza ili nimchekeshe, aliita jina langu, akangoja. Chakula kikapoa. Hakuita mara ya pili na hakumruhusu mtu kula. Alingoja tu mpaka nikatoka mwenyewe na vumbi magotini.

Sasa nije kwenye saluni. Jumamosi ile Odile alikuwa anasukwa, nami nikaona hiyo ndiyo nafasi. Maman Clarisse huweka video za misuko yake mitandaoni, na wateja wanamfuata hata kutoka Saint-Josse, hivyo tabia za huyo mnyama wa ndani ya simu anazijua.

"Maman Clarisse," nikamwambia, "nitengenezee hii simu. Inanificha dada yangu."

Akacheka bila kuachia msuko. "Tonton, humu ndani hamuna mutu! Haijue dada, haijue papa. Inaangaliaka tu fasi, pahali kidole yako inasimama."

"Lakini mimi sikuiambia chochote."

"Hata kinywa haina lazima. Ukisimama, inasema: anapenda, tumuongezee. Ukipita mbio, inasema: hapendi, tumuletee ingine. Sababu haikuulize. Mimi hapa, batu bakikimbia video yangu pale mwanzo tu, hata nimesuka malkia, haitaipeleka kwa bengine."

Nikamwambia hayo ni maneno ya wachawi. Basi akafungua video ya wigi kwenye simu yangu, akaniwekea mkononi. "Angalia mpaka mwisho. Usibonyeze kitu. Rudilia mara tatu. Kesho utaniambia kama mi ni muchawi."

Nikaangalia. Wanawake waliokuwa wanangoja zamu wakafurahi sana. "Tonton anachagua ya kuendea misa!" mmoja akasema. "Hapana," akajibu mwenzake, "anatafuta ya kufunika kiwanja!" Odile alicheka kuliko wote. Huo ndio mwanzo wa uteuzi wangu, na Maman Clarisse sasa ananidai heshima.

Lakini hakuishia hapo. Akaufungua ukurasa wako. Video zote zilikuwepo, Yaya, zimepangana, na Papa katika kila moja. Hakuna iliyofichwa.

"Ya kwanza ilikufikia?" akaniuliza.

"Ilinifikia."

"Ukafanya je?"

Odile aliacha kucheka. Alikuwa ananitazama ndani ya kioo. Nikasema nakwenda kununua mkate, nikatoka. Mkate tulikuwa nao.

Kwa hiyo, kilichotokea kweli ni hiki.

Ile video ya kwanza baada ya Papa kupigwa na kiharusi ilinikuta kwenye metro, naenda kazini. Papa ameketi kwenye kiti chake cha chuma, shati limefungwa kifungo mpaka shingoni kama siku ya mshahara, na mdomo umevutwa upande. Akaufungua. Kabla sauti haijatoka, nikapitisha kidole. Wiki iliyofuata akaja tena, nikampita. Ya tatu nilimpita haraka zaidi. Ya nne haikuja.

Nilishukuru, Yaya. Nisikudanganye tena: nilipumua. Simu haikunificha Papa. Ilinitii. Ilinielewa vizuri kuliko nilivyotaka kueleweka, ikaniletea baba za watu wenye midomo iliyonyooka, nami nikawapa mioyo. Na ujue kwamba asubuhi ileile ya video ya kwanza, kazini, nilishika kijiko mbele ya mzee mwenye ugonjwa huohuo wa Papa, nikamngoja taratibu mpaka akamaliza kutamka "maji". Nikamwambia, "Vizuri sana, Monsieur." Wa watu niliweza kumngoja.

Ulishaniambia kwamba kwa simu ya kupigiana Papa hawezi, maneno yake yanachelewa na mtandao unakatika kabla hayajafika. Ndiyo maana ulianza kumrekodi. Nilijua. Nilijua na nikapita.

Leo tulipotoka misa, Odile akaniwekea simu mezani jikoni, akaenda kukaa chumbani. Nikaifungua ile ya kwanza, nikatazama mpaka mwisho.

Nilidhani analalamika. Nilidhani anaomba kitu. Kumbe anaita majina. "Bé... a... trice." Na sauti yako nyuma ya simu: "Présent, Papa." Akapumzika. "Ga... ston." Ukamwitikia wewe kwa niaba ya kaka yetu Gaston aliyeko Likasi. Halafu akafumba macho, akaanza kulitafuta la tatu. Alilitafuta muda mrefu, Yaya. Lilitoka vipandevipande, lakini lilitoka lote. Kisha akafumbua macho, akaitazama simu, akangoja. Hukumwitikia kwa niaba yangu. Nakushukuru kwa hilo, ingawa limeniuma.

Nimezitazama zote. Kila Jumapili anaita, kila Jumapili anangoja. Mimi nilikuwa naondoka kabla hajafika kwenye jina langu.

Nisalimie Gaston akipita, na mkewe mwenye mkono mzuri wa munkoyo. Nisalimie binti yako mwalimu, na mama mdogo anayeuza makaa kwenye kona. Mwambie bado namkumbuka alivyonikimbiza na fagio. Maman Clarisse mpe bukari na dagaa wa ndakala kabla hajaondoka, na akianza kusimulia habari za wigi, usimzuie.

Halafu nenda ukakae karibu na Papa, upande wa sikio lake zuri. Mwombe aite majina. Usimsaidie la tatu, hata likichelewa. Akishalimaliza, msomee mstari ulioko chini ya jina langu, kwa sauti kubwa, kama tulivyokuwa tunafanya bukari ikitoa moshi.

Mdogo wako aliyetoka chini ya meza,
Faustin

Présent, Papa.