Simu ya Mjomba

Bologna, 6 Machi

Elvio mdogo wangu,

"Juma moja halijamuua mtu." Hayo ndiyo uliyomwambia Nives juzi, umekaa nyuma ya meza yako na koti jeupe. Kwanza salamu, maana mama alitufundisha adabu: hujambo? Mkeo Pia hajambo? Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, nina hasira tu.

Sasa nikujibu. Juma moja linaua, tena vizuri sana, likipewa mlango wenye kufuli na mwanamume kama Loris anayeishi naye. Mtoto wa marehemu dada yetu alikuja kwako na alama za vidole shingoni. Akakuambia, "Mjomba, nina mimba, siitaki, nataka vidonge sasa, bado mapema." Sheria inakuruhusu kuandika neno moja kwenye cheti, "dharura", na angepewa vidonge siku ileile. Bila neno hilo anarudishwa nyumbani siku saba, ati atafakari. Atafakari wapi? Jikoni kwa Loris, akimkaangia soseji?

Usiniletee dhamiri. Hakuna aliyekuomba ushike kidonge. Uliombwa uandike ulichokiona kwa macho yako. Andika cheti upya. Leo.

Dada yako,
Fosca


Mlimani, 9 Machi

Dada Fosca,

Barua nimeipata, na matusi yote yamefika salama. Sisi wazima, namshukuru Mungu, ila mgongo haujapoa. Mke wangu Pia anakusalimu, anasema ukija Pasaka siasa uziache garini.

Nisikilize na mimi. Niliandikisha kwamba dhamiri yangu hairuhusu kutoa mimba, na sheria hiyohiyo unayoipigia kelele inanilinda. Nives alisema ameanguka ngazini. Mimi daktari, si mpelelezi. Siku saba si adhabu. Wako wanawake waliorudi kunishukuru, watoto wao mikononi. Na muda anao: vidonge vinatolewa mpaka mwisho wa wiki ya tisa, naye yuko ya saba.

Tena usidhani nimekaa tu. Jana nilimpigia Loris simu, tukaongea kiume. Nikamwambia, "Utakuwa baba, mwanangu, punguza mikono." Akasema, "Asante, mjomba. Sikujua." Kwa upole kabisa. Unaona? Watu wakizungumza, mambo hutulia.

Mdogo wako,
Elvio


Bologna, 15 Machi

Elvio,

Leo sikuulizi hali.

Kweli Loris alitulia. Alimaliza simu yako, akala, akafuta mdomo, akachukua ile sururu fupi ya kuchimbia uyoga wa chini ya ardhi na kumwita Nives uani kwenye banda la mbwa. "Mjomba wako amenipongeza," akamwambia. "Ulitaka kunificha mwanangu?" Pigo la kwanza lilivunja mkono alioinua kujikinga. La pili lilivunja taya. Alipoanguka akamkanyaga miguu, mgongo, kichwa. Tumbo hakuligusa. Alilizunguka, akisema, "Hapo sipigi, hapo pana changu." Kisha akamfungia humo na mbwa.

Mbwa hawakumdhuru. Walilia mpaka bibi Gelsa, jirani yao, akaja na nondo kuvunja kufuli, akaita polisi.

Nimemleta huku, hospitalini. Daktari wa hapa alimtazama mara moja, akaandika "dharura". Nives alimeza kidonge cha kwanza kwa maji, kupitia pengo la meno yaliyong'oka. Vya pili huwekwa ndani ya mashavu, lakini mashavu yake yameshonwa, wakatafuta njia nyingine. Nilimshika ule mkono usiovunjika. Ilipokwisha alilala usingizi wa mtu asiyesikiliza mlango.

Kazi hiyo ungeimaliza kwa neno moja, siku ile ya kwanza, bila damu yote hii.

Fosca


Mlimani, 19 Machi

Dada yangu,

Sijui nikusalimuje. Mke wangu Pia amehamia chumba kingine.

Polisi wamemwachia Loris mpaka kesi. Anasema mbwa walimwangusha Nives kwenye mawe. Anasema habari ya mimba hakuijua kabisa, sasa angempigia nini? Bibi Gelsa alisikia kelele, lakini hakuona.

Jana nilikwenda kwa Loris. Akanimiminia divai. "Karibu, mjomba, umekuja kunipa pole?" Nikamvunjia chupa mdomoni. Akaanguka, nikampiga tena na tena, mpaka ngumi yangu ikavimba. Meno yake mawili yalibaki sakafuni. Mwambie Nives kwamba nimemlipizia.

Nakuomba kitu kimoja, dada. Simu ile usiiandike kwenye hilo gazeti unalofanyia kazi. Watanifutia leseni.

Mdogo wako,
Elvio


Bologna, 22 Machi

Elvio,

Nives anaendelea vizuri kidogo, anakunywa supu kwa mrija. Nilimsomea barua yako. Nilipofika kwenye meno ya Loris alianza kucheka, taya likamuuma, akaomba kalamu. Akaandika: "Mjomba amejifurahisha. Mimi nikitoka hapa, nitakaa wapi asinifikie?"

Mjibu. Ulipiga simu ukampa Loris siri ya mgonjwa wako. Ukavunja chupa ukampa kidonda cha kuwaonyesha mahakimu. Mara zote mbili hukumuuliza Nives anataka nini. Anataka Loris afungwe. Na Loris hafungwi kwa neno la Nives peke yake, akiendelea kuapa kwamba hakujua. Aliye hai anayeweza kusema, "Alijua, kwa sababu nilimwambia mimi," ni mmoja tu, naye anaogopa kuvuliwa koti.

Gazetini sitaandika. Ukiambiwa na gazeti utasema nimekuchukia. Nakala ya barua hii nimewapelekea wenzako watatu wa zamu, walioandikisha dhamiri kama wewe. Na ninyi watatu nawaambia: vidonge msivishike, sawa. Lakini mwanamke akija na alama shingoni, andikeni "dharura", na simu ya nyumbani kwake msiijue kabisa.

Wewe, Elvio, kesho asubuhi nenda kwa mwendesha mashtaka. Sema ulichomwambia Loris, na alichokujibu, neno kwa neno. Ninyi watatu, msindikizeni mpaka mlangoni, msiondoke mpaka mmemwona ameingia.

Mama mdogo wa Nives,
Fosca