Nimefuta sauti ya Cherop

Chep, uko hapo? Nimefanya kitu mbaya sana hapa redioni.

Unakumbuka zile sauti nilirekodi Januari kule kambini showground, watu waliokimbia fujo wakitafuta jamaa zao? Nimezifuta. Zote.

Asubuhi kompyuta ilikataa kufungua chochote. Diski ya C imejaa pomoni, na taarifa ya saa nne inangoja. Nikaona hiyo folda ndiyo kubwa, nikajiambia si tulishazitangaza. Nikafuta, nikamwaga hata recycle bin. Mashine ikawa nyepesi, nikafurahi!

Saa sita akaingia mzee anaitwa Jonah, ametoka Salgaa. Jirani alimwambia binti yake Cherop alisikika kwa redio yetu akisema pahali ameenda.

"Niwekee tu hiyo, msichana wangu. Nisikie alisema wapi."

Alisema wapi, Chep! Nikamwambia ukweli, nimefuta. Hakukasirika. Heri angenitukana.

"Lakini ni wewe ulimrekodi. Hukumbuki?"

Walikuwa zaidi ya mia mbili. Sikumbuki hata sura yake.

Tukatangaza jina la Cherop mara tatu, mzee ameketi hapo kwa benchi akiangalia simu ya ofisi. Haikulia. Saa kumi akachukua kofia yake. Alipofika mlangoni akageuka.

"Alisikika mzima?"

Nikasema ndiyo. Nikasema alisikika mzima kabisa, hata alicheka kidogo.

Mzee akanishika mkono na mikono yake yote miwili, Chep. Akanishukuru.