Tundu la Upande wa Baraza

Jumatatu, 5 Februari

Nimenyunyizia maji. Nimesuuza sponji zinazochuja hewa ya hema la uyoga. Nimesikiliza feni, iko sawa. Ukuta wa hema umebonyea ndani kidogo, kama shavu la mtoto anayemung'unya pipi. Ndivyo inavyotakiwa. Feni inavuta hewa chafu na kuitoa juu ya bati, hewa safi inaingia kwa tundu nililotoboa ukutani upande wa baraza. Inayotoka iizidi kidogo tu inayoingia. Ikizidi sana chumba kitatafuta hewa popote, hata kwenye nyufa, kivute vumbi na ukungu. Uyoga umeanza kuchomoza kwenye mifuko. Ni aina ya mamama, mweupe, safi.

Mtu wa hoteli anakuja mwisho wa mwezi kuuona. Akiupenda, nimepona. Asipoupenda narudi Katoro kushuka kwenye mashimo ya dhahabu, na niliapa sirudi.

Kesho mama mkwe anakuja kutoka Samuye. Ana kliniki ya miguu hospitali ya Kolandoto, wiki kadhaa. Atalala chumba cha binti yetu Kabula, maana Kabula yuko bweni. Chumba cha hema hicho hicho. Kingine hakuna. Chumba chetu mimi na mke wangu hawezi kukikanyaga, na atakacholala yeye mimi sikikanyagi. Kwetu Usukumani ndivyo ilivyo. Nina hasira tangu jana.

Jumatano, 7 Februari

Alifika jana. Niliposikia fimbo yake nikatokea mlango wa uani, nikazunguka nyumba kama mwizi. Nyumba yangu! Tumesalimiana kupitia ukuta. Shikamoo mama. Marahaba baba. Basi.

Mama Kabula ndiye anayenyunyizia sasa. Namwelekeza nikiwa nimekaa kwenye kochi. Ananipigia picha kwa simu ili nione. Mimi niliyekuwa napeleka hewa kwa watu chini ya ardhi, leo naliangalia hema langu kwenye simu.

Mama mkwe huniita mtu wa mashimo. Siku hizi ameongeza: mtu wa mashimo anayelima chumbani. Nimeyasikia, shemeji zangu hawana siri.

Ijumaa, 9 Februari

Feni imebadilika sauti. Inakoroma. Picha ya leo inatisha: kuta za hema zimeingia ndani, karibu ziguse mifuko. Uyoga umerefuka shina, vichwa kama vifungo vya shati. Unakosa hewa.

Nikamwuliza Mama Kabula kama tundu liko wazi. Akaenda kutazama. Kumbe mama ameliziba kwa kanga. Upepo unampiga miguuni.

Nikasema mwambie aitoe. Leo hii. Akaingia, wakanong'ona, akatoka anatabasamu. Mama amesema sawa, anakusalimu.

Jumapili, 11 Februari

Kanga bado iko pale pale. Nilisimama barazani nikaisukuma kwa fito. Ikadondoka ndani. Nilipomaliza chai ilikuwa imerudi, imekazwa zaidi. Mama Kabula akaninyang'anya fito. Unamchokoa mama yangu kwa mti?

Yule bibi ananifanyia makusudi. Namchukia. Nimeandika na sifuti.

Jumanne, 13 Februari

Umeme unakatika mchana kutwa. Nimetoa jenereta. Nimeiweka uani chini ya dirisha la chumba kile, nikaifunga mnyororo kwenye nondo za dirisha. Kuiacha mbali na nyumba ni kuwagawia wezi. Dirisha hilo halifungi sawasawa, lina nyufa pembeni. Najua itakuwa na kelele. Feni lazima izunguke.

Nimemwuliza Mama Kabula, mama anasemaje? Mama anashukuru, hana neno.

Angalau hilo.

Jumatano, 14 Februari

Mwandiko mbaya leo.

Umeme ulikatika asubuhi. Nikawasha jenereta. Mama Kabula alikuwa sokoni. Baada ya chakula cha mchana feni ilikuwa inalia kama inakabwa. Nikaenda mlangoni kwa mama mkwe, nikakohoa. Nikaita, mama! Kimya. Lakini huwa hanijibu ila salamu! Nikarudi kukaa. Nilirudi kukaa, Mungu wangu.

Kikombe kikaanguka ndani. Nikasimama tena mlangoni, nikaita tena. Nikashika kitasa, nikaachia. Halafu nikaingia.

Alikuwa ameinamia ukingo wa kitanda, ametapika, macho hayaoni. Chumba kinanuka petroli. Nikaelewa palepale. Tundu limezibwa, feni inavuta, chumba kimetafuta hewa dirishani, na dirishani kuna moshi wa jenereta yangu. Kule mashimoni mimi ndiye niliyekuwa nafukuza watu na mashine za petroli. Zisikae karibu na mdomo wa shimo. Nilikuwa nawatukana.

Nikambeba. Nimemgusa mama mkwe wangu, nimembeba kifuani hadi barabarani. Jirani yetu Mama Pendo akaziba mdomo kwa upande wa kanga. Hakuwa anamtazama mgonjwa, alikuwa anatazama mikono yangu. Nikampigia kelele. Bodaboda ikasimama, wakapanda mshikaki, mama katikati, Mama Pendo nyuma amemshika. Wakaelekea Kolandoto.

Mimi nikarudi kuzima jenereta.

Alhamisi, 15 Februari

Anapumua vizuri. Amewekewa oksijeni. Anajua alipo na anamjua mwanawe. Mimi nimekaa nje, kwenye benchi.

Mama Kabula akaja kukaa pembeni yangu, akalia, akasema yote. Hakuwahi kumwambia mama aitoe kanga. Alimwambia mkwe wako anakupa pole kwa baridi. Na juzi mama hakusema anashukuru. Alisema mashine ya mumeo inanipasua kichwa, moshi unaingia, mwambie aiondoe. Mama Kabula alikuwa anapooza, kila neno analitia sukari kabla ya kulifikisha. Aliogopa tutagombana.

Mjumbe hauawi, wanasema. Leo nimejua kwa nini ilibidi waseme.

Lakini mashine niliiweka mimi. Mnyororo nilifunga mimi. Hilo hakuna wa kulipooza.

Jumatatu, 19 Februari

Uyoga umeoza wote. Mtu wa hoteli amepiga simu. Sikupokea.

Nimelikunja hema. Kanga bado ilikuwa tunduni. Nikaichomoa, nikaifua mwenyewe.

Jumapili, 25 Februari

Samuye. Mama amerudi kwake jana, anatembea. Njiani nilimwambia Mama Kabula, leo usinibebee neno. Akainamisha kichwa, akatangulia ndani.

Nilisimama nje ya uzio wa minyaa, nikaupa mgongo kama adabu inavyotaka. Nikasema kwa sauti. Mayu, mama yangu, ni mimi niliyeiweka mashine pale. Nisamehe.

Akajibu. Sauti yake ni nzito, sikuwahi kuisikia ikizidi marahaba. Akasema nusura nimuue. Akasema nilimbeba vibaya kama gunia la pamba, mbavu zinamuuma hadi leo. Kisha akasema, miguu ilikuwa na baridi, baba. Hakuna aliyeniambia lile tundu ni la nini.

Nikamweleza. Hewa inaingilia wapi, inatokea wapi, kwa nini inayotoka inazidi kidogo. Nilieleza yote, nimeupa uzio mgongo, wapita njia wananishangaa. Akauliza kama nisingeweza kulitoboa juu zaidi, mbali na kitanda.

Ningeweza. Nikamwambia ningeweza.

Nikaitundika kanga yake kwenye mti wa lango, nikaondoka. Nilipofika barabarani niligeuka kutazama. Ilikuwa imeshachukuliwa.