Ndimu Kwenye Maji ya Udhu

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba, salamu zako zimefika hapa Michenzani. Mama yako hajambo, na mimi sijambo, ila magoti. Lakini tangu nisome kwenye barua yako kwamba maji mekundu ya mto unayoyapima huko Kongo yanafifia ukiyatia asidi, roho haijatulia. Unauliza kama nshawahi kuona jambo kama hilo.

Nshaliona. Nilikuwa msichana, kwetu karibu na msitu wa Jozani, siku ya hitima ya marehemu bibi yangu. Mvua zilikuwa zimeozesha majani msituni, na maji ya kisima yakawa mekundu kama chai. Niliona haya wageni kuyatawadhia. Basi nkakamulia kapu zima la ndimu ndani ya pipa, kama tunavyokamulia chai ya rangi, yakafifia.

Wakatawadha, wakasali. Kisha baba akanawa mikono kwa sabuni kwenye beseni la maji yaleyale, na wekundu ukarudi. Akanusa vidole.

"Umetia nini?"

"Ndimu, baba."

"Majani yameanguka yenyewe, udhu ungesihi. Ndimu umetia wewe."

Watu wazima wote wakatawadha upya na kusali upya, kwa sababu yangu.

Kumbe rangi haikuondoka, ilijificha tu. Sasa niambie, Salma: maji hayo ukishayatia asidi unayaweka wapi? Wenyeji wakiyaona yameng'aa, nani kawaambia wasinywe?

Nijibu leo, mwanangu, si kesho.

Bibi yako