Picha Arobaini za Mama

Jumapili, Agosti 1996. Kaloleni.

Baridi, na mawingu hayajafunguka tangu asubuhi. Sikwenda kanisani. Wiki mbili sasa tangu tumzike Mama nyumbani Kakamega, na leo ndiyo mara ya kwanza nimeweza kuandika neno hapa.

Nianze na kamera. Niliinunua soko la Gikomba, kwa jamaa anayeuza vikorokoro kando ya mitumba: saa mbovu, mikanda, miwani. Ya chuma, nzito, ya zamani kuliko mimi. Alinifunza kwa dakika mbili. "Unaweka filamu hapa, unafunga, unavuta, unapiga. Ni rahisi, buda." Nikarudi nyumbani najiona fundi.

Nilikuwa na sababu. Mama alikuwa mgonjwa, na picha yake ilikuwa moja tu, ile ya kipande, kitambulisho chake, midomo imefungwa ndi. Aling'olewa meno ya chini akiwa msichana, kwa desturi ya kwao, na tangu amfuate Baba huku Nairobi kwenye kazi ya reli, alikuwa akicheka mkono uko mdomoni. Mimi nilitaka picha akicheka.

Siku ya kupiga picha alifunga kitambaa chake cheupe cha kanisa akaketi mlangoni kwenye kigoda, Baba kando yake kwenye kiti. Nikapiga. Namba za pale juu zilipofika thelathini na sita nikavuta tena, na kamera ikakubali. Thelathini na saba. Thelathini na nane. Nikapiga kelele kwamba tumepewa nyongeza, kama ile ya mama mboga. Mama alicheka mpaka akausahau mkono.

"Piga tu, mwanangu! Hiyo kamera ina baraka!"

Tukafika arobaini.

Jumatano akalazwa. Ijumaa hatukuwa naye tena.

Nilikimbia na filamu studio, kule Mbotela, tupate picha ya kuweka juu ya jeneza. Mzee wa studio alinirudishia filamu tupu, mwanzo mpaka mwisho. Akaniambia haikushika ndani, haikusonga hata kidogo, na filamu ya thelathini na sita haiwezi kutoa arobaini, kijana.

Na mimi nilishangilia!

Basi tukakuza ile ya kipande. Akina mama wa kanisa waliimba mbele ya uso mkali ambao haukuwa wake, nami nikasimama pale natamani ardhi inimeze. Nilimweleza Baba yote aliyonionyesha yule mzee wa studio, lakini hajaniuliza kitu mpaka leo. Afadhali angenigombeza.

Leo mchana nimeweka filamu mpya kama yule mzee alivyonionyesha. Ncha ishike kwenye vijino, funga, vuta, halafu tazama kifundo cha upande wa kushoto. Kikizunguka, filamu inasonga. Ni hivyo tu. Kitu cha kutazama kwa jicho moja, na sikukitazama mara arobaini. Nililia jikoni, sitaficha.

Nilipotoka nje nilimkuta Baba ameketi mlangoni, amevaa koti lake la kazini na tai, na sikuwa nimemwomba. Kigoda cha Mama alikuwa amekiweka mahali pake, kando yake. Aliinyoosha tai, akaitazama kamera kwa muda.

"Kwanza angalia kama kile kifundo kinazunguka," akasema.

Kinazunguka, Baba.